Mti wa nondo: shajara ya bustani ya Tanga iliyoanzia Los Angeles

Mradi: kugeuza uwanja wa mbele ya nyumba, wenye mteremko kuelekea barabarani, uwe bustani ya kupita na kukaa.
Mahali: Tanga mjini, karibu na bahari. Udongo ni wa kichanga, na ukichimba kidogo unagonga mawe ya matumbawe.
Bajeti niliyojiwekea: shilingi 800,000.
Chanzo cha mawazo: Bustani ya Kati ya Kituo cha Getty, makumbusho ya sanaa huko Los Angeles, kazi ya msanii Robert Irwin.

Nitaongeza maandishi kila hatua inapokamilika. Palipokwenda sawa nitapita haraka. Palipoharibika nitaeleza kwa kirefu, maana ndipo pesa ilipopotelea.

24 Februari 2024, Los Angeles

Nimekuja kumtembelea dada yangu, naye kanileta Getty kwa sababu kuingia ni bure. Unalipia maegesho tu. Gari linaachwa chini, mnapanda kilimani kwa kijitreni. Majengo ya juu ni ya msanifu Richard Meier: mawe ya rangi ya mchanga, mistari iliyonyooka, hakuna kitu kimewekwa ovyo. Bustani iko katikati yake kwenye bonde dogo, nayo inakataa karibu kila kitu ambacho majengo yanasema. Hilo si bahati mbaya. Meier na Irwin hawakuelewana kuhusu bustani hii, na ugomvi wao ulijulikana.

Irwin alizaliwa Long Beach mwaka 1928, akafa Oktoba mwaka jana. Alianza kama mchoraji, akaachana na turubai, akageukia mwanga na nafasi: jinsi mtu anavyoona kitu kabla hajakipa jina. Alipopewa kazi hii mwaka 1992 hakuwa mtaalamu wa mimea. Kituo kikafunguliwa Desemba 1997, na bustani ikiwamo. Ukubwa wake ni futi za mraba 134,000, kama mita za mraba 12,450, na ina aina zaidi ya 500 za mimea.

Nilikuja na daftari nikakili majina. Nimejaza ukurasa mmoja nikaacha. Mingi ya mimea hii Tanga haina maisha. Chini kabisa kuna bwawa la duara, na ndani yake azalia zimepandwa kwa miviringo inayoingiliana kama mchoro wa kanga, zinaonekana kuelea juu ya maji. Zinapendeza sana. Lakini azalia inataka udongo wenye asidi, na udongo wetu wa matumbawe umejaa chokaa. Ningezinunua, ningezipanda, zingegeuka njano na kufa.

Basi nikabadili namna ya kuandika. Badala ya jina la mmea, naandika kile kilichonifanya nisimame, na kwa nini.

Cha kwanza kilichonisimamisha ni miti ya chuma. Kwenye uwanja ulio juu ya bwawa kuna vitu virefu kama miavuli mikubwa, bogenvilia imepanda ndani yake na kumwagika juu. Nimekwenda karibu nikashika shina. Ni nondo. Nondo zile zile tunazomwagia zege, na matuta yake ya kushikia saruji yapo vilevile, hazikufichwa wala kupambwa. Zimesimamishwa nyingi kwa pamoja kama shina, na juu zinaachana. Bogenvilia haina shina la kusimama. Ikiachwa inakuwa kichaka cha miiba kinacholalia ukuta wa jirani. Irwin aliipa shina ambalo haikuzaliwa nalo.

Nimepiga picha za maungio kuliko za maua. Dada kanicheka: watu wanapiga picha na mandhari ya jiji, mimi napiga vyuma.

27 Februari 2024, Los Angeles

Nimerudi peke yangu kutazama njia tu.

Njia inashuka bondeni kwa kupindapinda, na kila inapopinda inavuka kijito kwa daraja dogo. Pembeni kuna kuta za chuma kilichoachwa kishike kutu. Miti ya platani iliyopandwa kando ya kijito haina jani hata moja, maana huku ni majira ya baridi, kwa hiyo mifupa yote ya bustani iko wazi. Kwa mtu anayetaka kuiga ni afadhali kuja sasa kuliko wakati wa maua.

Jambo ambalo picha haziwezi kukuonyesha ni sauti. Mawe ya kijito yamepangwa ili maji yalie tofauti kila unapovuka: juu yanapiga kelele kwenye mawe makubwa, yanatulia unaposhuka, halafu mwisho yanaporomoka ukutani kuingia bwawani. Unajua umefika wapi hata ukifumba macho. Irwin aliandikisha kwenye sakafu ya uwanja maneno yanayosema kwamba bustani hii daima inabadilika, haiwi ile ile mara mbili. Nilidhani ni maneno ya kupamba tu, mpaka nilipopita njia hiyo kwenda na kurudi.

La pili: majani yanafanya kazi kuliko maua. Jani la kijivu limewekwa karibu na jani jekundu-jeusi, na kila moja linamfanya mwenzake aonekane.

La tatu limenichekesha. Upande wa kusini wa kituo, kwenye ncha ya kilima, kuna bustani ya dungusi na mimea ya ukame. Humo wamo ndugu wa mkonge, wamepangwa kwa heshima kama vyombo vya thamani, watu wanasimama kuwatazama. Mtu wa Tanga akikuona unapiga picha mkonge atakuuliza umepotelewa na nini.

Mbegu sibebi. Mbegu na miche ya kutoka nje inataka vibali, na hata bila hivyo sioni sababu. Ninachobeba ni mambo matatu: shina la nondo, njia inayobadilika ukiipita, na majani badala ya maua.

20 Machi 2024, Tanga

Nimepima uwanja na kuchora. Mti mmoja wa nondo karibu na baraza, njia ya kupinda kutoka getini hadi barazani, mimea ya majani kwenye kila kona. Kijito sina, wala siwezi kukilipia. Maji ya kupoteza hatuna.

Ni Ramadhani. Mafundi wamefunga, jua ni kali, sitamtesa mtu kuchimba matumbawe mchana. Tunaanza baada ya Idi.

16 Aprili 2024

Mti wa kwanza umesimama. Fundi ni kijana anayetengeneza mageti. Nilipomwonyesha picha akauliza, "Bosi, huu mti utazaa nini?" Nikamwambia kivuli. Akataka kuongeza maua ya chuma juu, yale ya kwenye mageti, nikamzuia.

Vipimo: nondo tano za mm 10, kila moja mita 12, zikakatwa vipande vya mita 4. Vipande 15 vikafungwa pamoja kwa duara moja la chuma usawa wa kiuno, likachomelewa. Juu vikapindwa kwenda nje. Chini tumechimba shimo moja la mviringo, tukasimamisha vyote, tukamwaga zege.

Gharama:
Nondo mm 10, tano kwa 19,000: 95,000
Saruji mifuko miwili: 33,000
Mchanga na kokoto: 40,000
Fundi: 60,000
Jumla: 228,000

Kwa mbali unapendeza.

9 Mei 2024

Hauko tena. Mwanzoni mwa mwezi Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga Hidaya kwa ukanda wa pwani. Kwetu hapa hakikubomoa nyumba, lakini upepo ulitosha. Vipande vitatu vimevunjika, vinne vimelala, vilivyobaki vinayumba kama mianzi. Na hapo bogenvilia bado haijapandwa. Mmea ukishika juu, upepo unakuwa na tanga la kusukuma.

Nimekaa na fundi nondo wa ujenzi, mzee aliyepinda vyuma vya maghorofa, akanionyesha makosa moja baada ya jingine. Nayaandika kama alivyoyapanga.

Unene. Ugumu wa nondo dhidi ya kupinda hauongezeki kwa hesabu ya kawaida. Ukitoka mm 10 kwenda mm 12 unaongeza unene kidogo tu, lakini ugumu unakuwa kama mara mbili. Tofauti ya bei haifiki hata mara moja na nusu.

Kuchomelea. Vipande vilivyovunjika vyote vimekatikia pale pale palipochomelewa. Moto wa kuchomelea hubadili chuma, na nondo nyingine huwa kavu hapo, zikitikisika zinakatika. Fundi wa mageti amezoea mabomba na bapa. Nondo inataka kupindwa ikiwa baridi kwenye kibao, na kufungwa kwa waya wa kufungia nondo, kama inavyofungwa kwenye nguzo ya nyumba.

Upweke. Juu ya kiuno hapakuwa na kitu kinachounganisha vipande. Kila kimoja kilipigana na upepo peke yake. Inatakiwa ringi ngazi tatu, kila moja pana kuliko ya chini yake.

Msingi. Hili mzee hakuliona, nililiona mwenyewe mvua iliponyesha. Tulimwaga zege duara zima, halafu mmea tulipanga kuupanda wapi? Katikati pamezibwa. Nimechoma kitobo kwa mtaimbo, kimejaa maji na hayaondoki. Bogenvilia inavumilia karibu kila kitu isipokuwa miguu iliyolowa.

8 Juni 2024

Mti wa pili umesimama, na huu ninausukuma kwa bega hautikisiki.

Nondo sita za mm 12, vipande 18 vya mita 4. Vimegawanywa mafungu matatu ya vipande sita. Kila fungu lina msingi wake, kina cha sentimita 50, na misingi hiyo imekaa pembetatu ikiacha udongo wazi katikati, upana wa sentimita 70. Juu ya ardhi kila kipande kinabaki mita tatu na nusu. Kikishapindwa, kimo cha mti ni kama mita tatu na kichwa chake kina upana wa mita mbili na nusu. Ringi ni zile nondo za mm 10 za mti wa kwanza. Kuchomelea kumefanyika chini tu, palipo ndani ya zege. Kwingine kote ni waya.

Juu ya kila msingi zege limelazwa mgongo wa tembo, maji yateremke. Nondo zimesuguliwa kwa brashi ya waya, zikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kule Getty zinaachwa na kutu yake, na kule hewa ni kavu. Hapa upepo wa bahari unakula mpaka bawaba za milango.

Gharama:
Nondo mm 12, sita kwa 28,000: 168,000
Saruji mfuko mmoja: 16,500
Fundi nondo na msaidizi: 80,000
Rangi, tina na brashi: 38,000
Jumla: 302,500

Kokoto zilizobaki mwezi Aprili zilitosha.

22 Juni 2024

Kupanda. Masika imekwisha ila udongo wa chini bado una unyevu.

Nimenunua miche mitatu ya bogenvilia ya zambarau kwa 6,000 kila mmoja. Rangi moja tu. Wauzaji watakushawishi uchanganye zambarau, nyeupe na ya chungwa kwenye shimo moja, na miezi ya mwanzo utafurahi, kisha mti utafanana na bango la duka la rangi. Kama unataka rangi tatu, jenga miti mitatu.

Mche wa kwanza nilimpa kijana aupande. Akachana kiriba, udongo ukamwagika, mizizi ikabaki mitupu. Ndani ya wiki ukawa umenyauka, na nimeununua upya. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na haipendi kuguswa. Njia iliyofanya kazi: kata kitako cha kiriba tu, ingiza mche shimoni ukiwa ndani ya kiriba chake, jaza udongo pembeni mpaka nusu, kisha pasua kiriba ubavuni na kukivuta juu polepole.

Kufunga matawi kwenye nondo: waya hapana. Tawi likinenepa waya unaingia kwenye gome. Nimetumia kamba ya katani, fundo la nane, legevu. Katani ikilowa na kukauka mara nyingi huoza yenyewe, na wakati huo tawi limeshakakamaa na kushika njia. Tanga tukikosa katani basi dunia imekwisha.

Mbuzi wa mtaani wanapita asubuhi. Nimezungushia miiba ya mgunga mpaka miche ijitegemee.

Miche minne kwa jumla, 24,000. Mboji na samadi, 45,000.

17 Agosti 2024

Njia. Hii nilidhani itakuwa rahisi.

Nimechora mikunjo mitano kutoka getini hadi barazani, kingo za mawe ya matumbawe, katikati changarawe. Mawe yamekuja kwa kirikuu, safari mbili, 120,000. Vibarua 90,000. Ilipokamilika ilikuwa nzuri, na hakuna aliyeipita. Watoto walikata moja kwa moja. Muuza samaki alikata moja kwa moja. Mimi mwenyewe, nikiwa na ndoo, nilikata moja kwa moja. Toroli halikuweza kupinda kabisa. Baada ya muda mfupi pakawa na njia ya pili, ya udongo ulioshindiliwa na miguu, imenyooka kama rula juu ya njia yangu.

Nilirudi kwenye picha za Los Angeles na kutazama upya. Kule hakuna anayekatiza kwa sababu kuna kijito. Mkunjo una kazi: unakupeleka mahali pa kuvukia. Mikunjo yangu haikuwa na kazi yoyote. Niliiga umbo nikaacha sababu.

Marekebisho: mikunjo imepungua kutoka mitano hadi miwili, mipana, toroli linapita. Na kila mkunjo sasa unazunguka kitu ambacho mguu hauwezi kukipita. Wa chini unazunguka mtaro mpana wa maji ya paa, usio na saruji, umejazwa mawe na mimea inayostahimili kulowa na kukauka. Mvua ikinyesha ndio kijito chetu, na kwa siku chache maji yanasikika. Mkunjo wa juu unazunguka mkonge.

Kibarua cha kubomoa na kupanga upya: 30,000.

Kuhusu mkonge. Nilitaka jani la kijivu, na katika joto letu mimea mingi ya majani ya kijivu niliyoiona kule haitaki unyevu wa pwani. Mkonge una rangi ile ile niliyoitafuta, kijivu cha kijani, na umbo ambalo hakuna ua linaloweza kushindana nalo. Uliletwa huku mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani. Vilivyofika hai ni vichipukizi 62, na kutoka hapo yakatoka mashamba yote ya Tanga. Sisi tunauona kama kazi. Bibi jirani alipokuja kutazama, baada ya shikamoo na marahaba, alisimama kimya kidogo kisha akasema, "Mjukuu wangu, mkonge baba yangu aliukimbia shambani, wewe unauleta mlangoni!" Baba yake alikuwa manamba, kibarua wa mkataba shambani. Sikuwa na la kumjibu, nikamkaribisha kahawa. Kabla hajaondoka akanionyesha kwa bakora yake kwamba nimeupanda karibu mno na njia: jani likikomaa ncha yake itamchoma mtoto jichoni.

Alisema kweli. Nimehamisha vichipukizi vyote vitatu vikakaa mita moja na nusu kutoka ukingo, na ncha za majani nakata kwa mkasi, sentimita moja tu, jani haliharibiki. Vichipukizi vipya vikitoka pembeni ving'olewe mapema, la sivyo utarudi kwenye shamba.

Vichipukizi vilikuwa vya bure, nauli 10,000. Karibu na mkonge nimepanda kodilaini jekundu-jeusi na krotoni, 85,000. Kodilaini peke yake linaonekana kama limeungua. Likikaa mbele ya mkonge linawaka.

12 Oktoba 2024

Bogenvilia imefika ringi ya pili. Majani ni makubwa, ya kijani, yenye afya tele. Rangi, hakuna hata moja.

Nilianza kulaumu aliyeniuzia miche. Kisha nikaona ya jirani, iliyosimama kwenye kifusi, hakuna anayeinyweshea, imejaa zambarau mpaka ukuta hauonekani. Yangu inapewa maji kila jioni na ina samadi ya kuku kwenye shimo. Samadi ya kuku ina nitrojeni nyingi, na nitrojeni inasukuma majani. Mmea ulioshiba maji hauna haraka ya kuchanua.

Hatua: kumwagilia kumesimama kabisa, isipokuwa majani yakilegea mpaka jioni. Samadi hakuna tena. Ncha za matawi marefu zimekatwa, kwa sababu rangi hutokea kwenye chipukizi jipya, na kila ncha unayokata inatoa chipukizi kadhaa. Pia tawi moja la mwembe wa jirani lilikuwa linatia kivuli upande wa mashariki, tumezungumza, limekatwa. Bogenvilia bila jua la kutwa ni uzio wa miiba tu.

Kile kinachoitwa ua, kwa njia, si ua. Ni vijani vitatu vyenye rangi vinavyozunguka viua vidogo vyeupe. Ndiyo maana rangi yake inakaa wiki nyingi: majani hayana haraka kama petali. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Commerson, mtaalamu wa mimea aliyekuwa kwenye safari ya Bougainville ya 1766 hadi 1769, aliikuta Rio de Janeiro, na akaipa jina la nahodha wake.

18 Januari 2025

Kaskazi inavuma, udongo umekauka, na mti umepasuka rangi kuanzia ringi ya pili hadi juu. Chini shina la nondo linaonekana wazi, na ninataka liendelee kuonekana. Kila tawi linalochomoza chini ya usawa wa kifua nalikata. Usipofanya hivyo kazi yote ya fundi inafunikwa, unabaki na kichaka kilichokugharimu saruji.

Sasa harufu. Tangu mwanzo nilikuwa natafuta kitu cha kushika nafasi ya sauti ya maji. Mtaro unalia siku za mvua tu. Pwani tuna utajiri mwingine, wa pua. Nimepanga hivi: ukiingia getini, mrehani pande zote mbili, mkunjo wa kwanza, mchaichai, barazani, asumini. Mrehani na mchaichai hazinukii zikiachwa, zinataka kuguswa, kwa hiyo zimepandwa pale kanzu na kanga zinapopita zikigusa. Asumini haihitaji kuguswa. Inafunguka magharibi, wakati watu wanakaa barazani.

Lililokwama ni mchaichai. Ukingo wa jani lake unakata, na nilikuwa nimeuweka usawa wa mguu mtupu. Wanawake wawili wamelalamika kwa haki. Nimeurudisha nyuma sentimita 30 na mbele yake nimepanda mrehani zaidi; upepo unamalizia kazi. Mche wa mlangilangi niliopewa nimemrudishia mwenyewe. Ni mti mkubwa, miaka michache tu ungefunika paa, na harufu yake ingemeza nyingine zote.

Bogenvilia haina harufu, na hapa hilo ni faida. Juu ya asumini hutaki mshindani.

Miche ya harufu: 18,000.

14 Juni 2025

Masika ya pili imepita juu ya mti. Kusi limevuma, kichwa kimejaa majani, hakuna kilicholala. Ringi zinafanya kazi.

Kutu imetokea, na si nilipoitarajia. Juu rangi imeshika. Iliposhambulia ni pale nondo inapotoka kwenye zege, kama vidole viwili juu, hasa fungu la upande wa bahari. Majani makavu yanakusanyika hapo na kushika unyevu wa chumvi. Nimesugua mpaka chuma cheupe, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, na juu yake lami mpaka sentimita 15. Gharama 22,000. Ningefanya upya, ningepaka lami hiyo kabla ya kumwaga zege, ishuke kidogo ndani. Na kufagia shina kila Ijumaa.

Kamba za katani za mwanzo zimeoza zote kama ilivyotarajiwa. Matawi mawili tu yameteleza, nimeyafunga tena.

Kodilaini moja limekufa kwenye mtaro, halikupenda kulowa. Nafasi yake imechukuliwa na mmea wa majani mapana unaoota wenyewe mitaroni mwetu, bila kununuliwa.

Hesabu yote: mti wa kwanza 228,000, wa pili 302,500, bogenvilia na mboji 69,000, njia 240,000, mimea ya majani na ya harufu 113,000, kutu 22,000. Jumla 974,500. Nimevuka bajeti kwa 174,500. Anayeanza leo na nondo za mm 12, misingi mitatu iliyotengana, mikunjo miwili na nondo mbili tu za mm 10 kwa ajili ya ringi atapunguza kama 186,000, akishanunua mchanga na kokoto zake. Asimlipe fundi wa mageti. Amtafute fundi nondo.

Mti unaofuata utakuwa wa getini, na mashimo yake matatu tayari yamechimbwa. Nafasi ya udongo katikati nimeipanua kutoka sentimita 70 hadi 90, kwa sababu bogenvilia za barazani zimeanza kubanana. Zege tutamwaga Julai, mche utaingia vuli ikianza.